Kituo cha ushauri Malindi wanakopima kujiamini na kuelewa hisia za wenzio: maoni yangu baada ya kumpeleka kakangu

Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja waliyoikosa nitaieleza huko chini. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayetibiwa maradhi ya akili, iwe skizofrenia (ile ya kusikia sauti zisizokuwepo) au baipola (ile ya moyo kupanda na kushuka mno) au ile huzuni nzito isiyokwisha, soma hadi mwisho, manake mambo mengine hapa sijayasikia yakielezwa kwa Kiswahili cha kawaida, hospitali unapewa dawa na tarehe ya kurudi bas. Jina la kituo silitaji kwa vile kakangu bado anaenda na Malindi yetu mnaijua, ukisema mtaa tu watu washajua ni nyumba ya nani.

Kakangu ana skizofrenia. Dawa anatumia, sauti zimepungua sana alhamdulillah, usingizi analala, na kila tukienda kliniki daktari akiuliza hayo mawili matatu anaandika kwenye faili kuwa anaendelea vizuri. Na ni kweli, ukilinganisha na alikotoka. Lakini nyumbani sie tunaona kingine, mtu alokuwa anaamkia diko, pale mashua zinaposhusha samaki, alfajiri kununua samaki na kuwauzia mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki wakauza, mtu wa maneno mengi, sasa akitumwa dukani anarudi bila chenji kwa sababu ameshindwa kuidai, mgeni akipiga hodi anajifungia chumbani, na kwenye mazishi ndo usiseme. Hakuna aliyekuwa anauliza hayo. Hichi kituo ndo wa kwanza niliowaona wakakaa na mgonjwa wakampima vitu viwili: anajiamini kiasi gani akiwa na watu, na anahisi na kumwelewa mwenzio kiasi gani. Afu wakayafanyia kazi majibu, na hapo ndo tofauti yao na kwengine tulikopita, manake kwengine tulijazishwa fomu ndeefu ikatiwa kwenye faili hadi leo hatujui ilisema nini.

Nianze na hiko cha kujiamini. Kaunsela alitueleza kuwa mwenye hii fikra ni mtaalamu wa saikolojia anaitwa Albert Bandura, aliiandika mwaka 1977, na yeye hakuwa anaongelea kujiamini kwa jumla jumla, alikuwa anaongelea mtu kuamini kuwa jambo fulani hasa analiweza. Kwa hivo mtu anaweza akajiamini sana kuendesha boti na asijiamini hata kidogo kusalimia watu barazani, na usipouliza jambo kwa jambo hutajua. Fomu waloanzia ni ya watafiti wawili wa Marekani, Smith na Betz, ya mwaka 2000, ina maswali 25, unajipa alama kuanzia 1, yaani hujiamini hata kidogo, hadi 5, yaani unajiamini kabisa. Sasa ile fomu ilitengenezewa wanafunzi wa chuo huko Marekani na maswali mengine kwa mtu wa hapa yanaelea hewani, ati kwenda pati ambayo humjui mtu, kakangu mie aende pati ya nani? Kaunsela akawa na karatasi yake pembeni, alokaa na wenzake wakaiandika, hapo kwenye pati kuna arusi ya upande wa pili wa ukoo, kuna kuingia kwenye baraza la kahawa watu washakaa, kuna kudai chenji kwenye tuktuk, kuna kumuuliza imamu swali baada ya swala. Alitwambia wazi kuwa wakibadilisha maswali hivo hawawezi tena kulinganisha alama za kakangu na za watu wa kwenye utafiti, wanazilinganisha na za kwake mwenyewe za nyuma, na mie kwa hilo nilimheshimu sana, wengine wangekupigia namba tu ukaondoka nayo.

Siku ya kwanza kakangu alijipa 5 karibu kila mahali. Kusalimia, 5. Kudai chenji, 5. Kukaa na wageni, 5. Nilikuwa nataka kuingilia nikaonyeshwa kwa mkono ninyamaze. Yule dada kaunsela hakumbishia, alimuuliza pole pole tu, "Kaka, hii ya chenji mara ya mwisho ilikuwa lini?" Akanyamaza muda, akatazama mlango, akasema hakumbuki. Akaambiwa haina neno, tutakumbuka tukifanya. Ndo hapo nikafahamu kwa nini wanaongea na jamaa wa mgonjwa peke yake pia, manake mtu akijijazia mwenyewe anaweza kujibu anachodhani kinatakiwa, au anajibu kama alivokuwa zamani kabla hajaugua, na huyo wa zamani ndo anayemjua.

Baada ya hapo ikaja ngazi ya mambo madogo madogo, na hii nayo inatoka kwa Bandura huyo huyo, kwamba kujiamini kunajengwa na vitu vinne: kufanya mwenyewe ukafaulu, ambacho ndo kina nguvu kuliko vyote, kuona mtu wa hali kama yako akifanya, kutiwa moyo na mtu unayemuamini, na vile mwili unavojisikia wakati huo, manake moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka kichwa kinakwambia huwezi. Kwa hivo wanatoka kwa vikundi, wagonjwa wanaoendelea vizuri wanatangulia na wapya wanatazama. Kakangu alianza na kusalimia mwenye duka jirani, afu kununua kitu cha pesa kamili, afu kitu cha kurudishiwa chenji, na mwisho akapangiwa diko.

Hiyo ya diko niliishuhudia. Mie nilisimama kule kwenye mashua zilizovutwa juu asinione. Alizunguka beseni za samaki weee, akawa anashika mfuko anauachia anaushika tena, hadi mama karanga mmoja wa zamani akamuona akamwita, "We baba! Umepotea wapi wewe?" Nikaona mabega yanapanda, nikasema sasa anaondoka. Hakuondoka. Akainama akashika tafi mmoja, akamfungua shavu kuangalia kama bado jekundu ndani, vile vile alivokuwa akifanya siku zote, akauliza bei, akatajiwa, akasema sauti ya chini, "Mama hii ya watalii hii, nipunguzie." Mama karanga alicheka mpaka wenzake wakageuka! Akapunguziwa, akatoa noti, na akasimama pale pale mkono wazi hadi chenji ikaja. Kwa anayetazama ni mtu amenunua samaki. Kwangu mie ndo siku nilioamini kuwa hizi pesa hazipotei.

Sasa sikilizeni hili manake linachanganya watu. Walipompima tena baada ya miezi kadhaa, alama zake kwa jumla zilishuka, bimkubwa akaumia akasema basi imekuwa kazi bure. Kaunsela akamkalisha akamwonyesha karatasi mbili, ile ya mwanzo ilikuwa 5 5 5 bila hata kufikiria, hii ya pili kuna 4 kwenye chenji na 2 kwenye arusi na kila moja anaweza kukwambia kwa nini. Ya pili ndo ya kweli. Ukipewa namba peke yake bila mtu wa kukueleza hivi unaweza ukamtoa mgonjwa wako mahali panapomfaa.

Kipimo cha pili, kile cha kuhisi na kumwelewa mwenzio, ndo kilichobadilisha nyumba yetu. Hiki ni cha mtaalamu wa saikolojia anaitwa Mark Davis, cha miaka ya 80 mwanzoni, maswali 28 yaliyogawanywa mafungu manne ya maswali saba saba. Fungu moja linapima kama mtu hujaribu kuliona jambo kwa upande wa mwenzake. La pili kama anamsikitikia aliyepatwa. La tatu kama huzama kwenye hadithi na filamu akajihisi ni mmoja wao, hilo kwa sisi halikutupa mengi. La nne, ambalo mie nalishika sana, linapima ile dhiki inayomshika mtu mwenyewe anapoona mwenzie yuko kwenye shida, yaani badala ya kusaidia anachanganyikiwa anatafuta pa kutokea. Na tafiti za watu wenye skizofrenia zimeonyesha hivo mara nyingi, wakijazishwa hiki kipimo lile fungu la kuona upande wa mwenzio huwa chini kuliko watu wengine na lile la dhiki huwa juu.

Kakangu alitoka hivo hivo, na dhiki ilikuwa juu sana. Nyumbani mashangazi walikuwa washahukumu, huyu moyo umekufa, kwenye mazishi ya babu wanawake wanalia ndani na yeye akainuka akaenda zake pwani huko Buntwani hakurudi mpaka usiku, hata dua hakusikia. Kaunsela alipomuuliza juu ya siku ile alisema kila kilio kilikuwa kinamwingia kifuani akaona atapasuka. Basi. Mtu aliyeambiwa hana huruma kumbe inamzidi hajui aiweke wapi. Kilichomshinda ni kufahamu kuwa wale waliobaki walikuwa wanataka tu akae nao, na hilo la kufahamu linafunzwa, wanaigiza pale kituoni, mmoja anakuwa mfiwa mwengine anakuja kutoa pole, wanasimama wanaulizana "saa hii huyu anataka nini kwako?" wanaendelea.

Na uso pia. Uso wake ulikuwa umekufa ganzi, hacheki hanuni, watu wakidhani hajali. Kaunsela akatwambia ugonjwa wenyewe unaweza kuuzima uso hata kama ndani mtu anahisi, na dawa zingine kama haloperido zinaweza kumkakamaza mtu mwili na uso, ndo maana wengi hupewa na Artane, dawa ya kupunguza huko kukakamaa, kwa hivo tusisome moyo wake kwenye uso, na hilo la kukakamaa tulipeleke kwa daktari wake. Tukalipeleka, dawa ikarekebishwa, na siku hizi akitabasamu unaona. Ila jamani msije mkapunguza dawa wenyewe kwa sababu mmesoma hapa, sie ni daktari aliyebadilisha.

Kuna kipimo kingine walimpa sikukipenda, kile cha macho, picha 36 za macho tu, unachagua katika maneno manne huyu anahisi nini. Picha zenyewe ni za wazungu waliokatwa kwenye magazeti, na maneno yake ni magumu hata kwangu mie nilomaliza kidato cha nne. Watu wa pwani tumelelewa na mama na shangazi waliovaa ninja, yaani nikabu, mtoto wa Malindi anajua mamake amekasirika kwa kuona macho mawili tu ng'ambo ya barabara! Wangepiga picha za macho ya hapa hapa wangepata jibu la maana. Hichi wakitoe au wakibadilishe.

Sasa ile nyota waliyokosa. Chumba cha mahojiano kimegawanywa na plaiwudi, ukikaa benchi la nje unasikia kila kitu, mie nilimsikia mama wa watu anajibu maswali ya ndoa yake nikaona aibu nikatoka nikasimama kwenye jua. Siri ya mgonjwa ni haki yake, sheria ya afya ya akili ya Kenya ilivorekebishwa mwaka 2022 imetaja haki hizo, na mtu hawezi kujibu ukweli wa ndani huku jirani yake anamsikia, kwa hivo hata vipimo vyenyewe vinaharibika. Nimewaambia, wakasema watahamisha benchi, hadi naandika hii benchi liko pale pale. La pili, yule dada akiwa hayupo kuna kijana anayekaa badala yake anasoma maswali mbio mbio kama anafukuzwa, na kakangu siku hiyo alijibu 3 kila swali apate kwenda nyumbani. Karatasi kama hiyo haifai, niliomba irudiwe na wakairudia bila kugombana, hapo nawashukuru. La tatu, SHA, ile bima ya afya ya serikali, hawachukui, unalipa mfukoni, si pesa nyingi kama za Mombasa lakini kwa mtu wa Muyeye au Barani na nauli ya tuktuk juu yake inauma, ingawa ukieleza shida yako wanakubali ulipe kidogo kidogo.

Ukiamua kwenda, nenda asubuhi mapema manake mchana joto la pale linamchosha mgonjwa, na dawa zingine zinawafanya wasinzie, akisinzia hajibu vizuri. Beba dawa zake zote au ziandike. Sema tangu mwanzo unataka mtu yule yule ampime mara zote. Mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anataka, kakangu aliulizwa na siku moja alikataa na wakamwacha. Na mkimaliza ombeni nakala ya karatasi pamoja na mtu wa kuwasomea, kisha daktari wa dawa aonyeshwe, wa kwetu alikuwa hajui kabisa kuwa kakangu anaogopa arusi, sasa hivi kila kliniki humuuliza. Kama mnatoka Mambrui au Gongoni pigeni simu kwanza kuhakikisha yule dada yupo, msije mkafika mkamkuta yule kijana wa mbio.