Kuonja Gemu Kabla ya Kulipa: Tathmini ya Demo za Steam

Tangu mwanzoni mwa mwaka huu nimejiwekea sharti la kutonunua gemu yoyote ya kompyuta kwenye duka la mtandaoni la Steam kabla sijaicheza demo yake, yaani ile sehemu ndogo ambayo watengenezaji huitoa bure ili mtu aionje kabla ya kutoa fedha. Kompyuta yangu ni mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye kadi ya michoro isiyo na nguvu sana, GTX 1650, na RAM ya GB 16, ilhali gemu kubwa za siku hizi huuzwa hadi dola 69.99. Kiasi hicho kinazidi shilingi laki moja na nusu za Tanzania hata kabla ya makato ya benki, kwa sababu Steam haina bei ya shilingi na kila malipo hufanyika kwa dola. Kwa mashine kama yangu, kutoa fedha hizo bila kujaribu kwanza ni kucheza bahati nasibu.

Namna huduma yenyewe inavyofanya kazi haina mzunguko. Gemu yenye demo huwa na kitufe cha kuipakua kwenye ukurasa wake, na tangu mwaka 2024 Valve, kampuni inayomiliki Steam, imewaruhusu watengenezaji kuipa demo ukurasa wake wa pekee, ambapo wachezaji huandika maoni juu ya demo yenyewe bila kuyachanganya na maoni juu ya gemu kamili. Mabadiliko hayo yamenifaa sana, kwa kuwa sasa naweza kusoma kama kuna mwenye kompyuta dhaifu aliyekwama kabla sijatumia hata MB moja ya bando. Aidha, mara tatu kwa mwaka, mwezi wa Februari, Juni na Oktoba, hufanyika tamasha la Steam Next Fest, ambalo kwa wiki moja huweka mbele ya wachezaji maelfu ya demo za gemu ambazo bado hazijatoka. Kasoro ya tamasha hilo ni kwamba demo nyingi huondolewa linapomalizika, hivyo anayesubiri mwisho wa mwezi apate mshahara wa kununulia bando huenda akakuta meza imeshafutwa.

Wapo wanaosema kwamba demo zimepitwa na wakati, kwa sababu tangu Juni 2015 Steam humrudishia fedha mnunuzi yeyote anayeomba ndani ya siku 14, ilimradi awe hajaicheza gemu kwa saa mbili. Kwa hoja hiyo, kila gemu ni demo ya saa mbili. Nimeifikiria sana hoja hii, na ninaona kwamba imetolewa na watu ambao hawajawahi kununua bando. Chukua mfano wa Baldur's Gate 3, ambayo ukurasa wake unataka nafasi ya GB 150. Mtu mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo ataipakua usiku, ataijaribu asubuhi na kuirudisha mchana bila hasara yoyote. Mimi nikifanya hivyo, fedha za gemu zitarudi, lakini za bando hazitarudi, na kwa upakuaji wa ukubwa huo bando linaweza kuwa ndilo gharama inayouma zaidi. Demo nyingi nilizozipakua zilikuwa ndogo mara kadhaa kuliko gemu kamili, na hapo ndipo ilipo faida yake kwetu, faida ambayo sera ya kurudisha fedha haiwezi kuiziba.

Kuna jambo jingine kuhusu zile saa mbili. Saa huhesabiwa muda wote gemu ikiwa imefunguliwa, hata kama unachofanya ni kurekebisha ubora wa picha, kupanga vitufe vya pedi, au kutazama utangulizi mrefu usioweza kurukwa. Niliwahi kununua gemu moja, nikaiacha wazi nikaenda kula, na niliporudi nilikuwa nimebakiza dakika chache za kuamua. Nilipoomba kurudishiwa nilirudishiwa, ila tofauti ya ubadilishaji wa fedha iliyokatwa na benki ilipotea moja kwa moja. Zaidi ya hapo, Valve yenyewe imeandika katika masharti yake kwamba utaratibu huo haukuwekwa ili watu wapate gemu za bure, na kwamba anayeutumia vibaya anaweza kunyimwa. Demo, kwa upande wake, unaweza kuijaribu na kuifuta bila kuombana na mtu.

Katika demo zote nilizocheza, iliyonishawishi zaidi ni ya Metaphor: ReFantazio, gemu ya kampuni ya Atlus iliyotoka Oktoba 2024, ambayo demo yake ilitangulia takribani wiki mbili kabla. Watengenezaji hawakukata kipande cha katikati na kukiacha kikielea. Walitoa mwanzo wote wa hadithi, ambao ulinichukua takribani saa tano, na wakaruhusu hatua zilizohifadhiwa zihamie kwenye gemu kamili. Mpango huu ni wa haki kwa pande zote mbili. Mchezaji hapotezi jioni zake mbili, na mtengenezaji anapata mteja ambaye tayari ameshawajua wahusika na anataka kujua yatakayowapata. Kwangu, demo hiyo ilijibu swali ambalo tathmini za wataalamu haziwezi kulijibu, kwamba mpakato wangu unaimudu gemu hii nikishusha ubora wa picha hadi kiwango cha chini. Sijainunua bado kwa sababu ya bei, lakini hatua zangu nimezitunza, na punguzo likija nitaendelea pale pale nilipoishia.

Balatro ni habari nyingine kabisa. Ni gemu ya karata iliyotengenezwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk, inayohitaji nafasi ya MB 150 tu, na niliionja demo yake kabla gemu haijatoka Februari 2024. Sikuwahi kucheza poka maishani mwangu, na maelezo ya dukani yalinifanya niamini kwamba haikuwa yangu. Nilipakua demo kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko video ya kuielezea. Usiku huo nililala saa tisa. Ninaitaja kwa sababu ni gemu ambayo maneno na picha haviwezi kuiuza, kwani ukitazama picha zake unaona karata mezani na namba zinazopanda, basi. Nilinunua siku ilipotoka, na kwa bei yake ya dola 14.99 sijajuta.

Hata hivyo, muuza nanasi akikuonjesha hukukatia kipande cha upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko kwenye utamu, na watengenezaji wa gemu nao wanajua upande wa kukata. Demo ya gemu moja ya mbio za magari, ambayo sitaitaja, ilinipa njia moja ya porini yenye magari sita, na ikaenda laini kama siagi. Nilipolipa na kufika kwenye mbio za mjini, penye majengo, mvua na magari ishirini, mashine ilianza kukatakata kiasi kwamba nilikuwa nikigonga ukuta kabla ya kuiona kona. Tangu siku hiyo huwa najiuliza ni kitu gani demo haikunionyesha. Kama gemu inajisifia miji mikubwa na demo yake imefungiwa pangoni, ninasubiri maoni ya wanunuzi wa kwanza.

Kipimo cha muda nacho kinaweza kuiharibu demo nzuri. Januari 2019 kampuni ya Capcom ilitoa demo ya Resident Evil 2 iliyoruhusiwa kuchezwa kwa dakika 30 tu, tena mara moja. Kwa matangazo lilikuwa wazo zuri, lakini katika gemu ya kutisha, ambayo raha yake ni kunyata na kusikiliza, saa inayohesabu kurudi nyuma humfanya mtu akimbie mahali alipopaswa kuogopa. Kampuni hiyohiyo ilipotoa demo ya Resident Evil 4 Machi 2023 haikuweka kikomo cha muda wala cha idadi ya marudio, na hiyo ndiyo iliyoniwezesha kujaribu kila kiwango cha picha hadi nikapata kinachoifaa mashine yangu.

Upande wa kandanda, ambao ndio wenye wachezaji wengi zaidi hapa kwetu, hali si nzuri. Kampuni ya EA iliacha kutoa demo ya gemu yake ya FIFA kuanzia toleo la FIFA 21 la mwaka 2020, ingawa kabla ya hapo demo hiyo ilikuwa desturi ya kila mwaka, na kwa hiyo wengi waliotaka toleo lililofuata walilinunua kwa imani. Kampuni ya Konami ilichagua njia tofauti kwa kuifanya gemu yake ya eFootball kuwa ya bure tangu mwaka 2021, ingawa huko malipo yamehamia ndani ya gemu. Kwa wengi wetu kilichobaki ni kibanda cha gemu cha mtaani. Ukilipa kwa mechi, ukashika pedi na kucheza mechi nne dhidi ya vijana wasio na huruma, utajua kama mabadiliko ya mwaka huu ni ya kweli au ni jezi mpya tu, na hutakuwa umetumia hata GB moja.

Kwa mwenye kompyuta ya wastani na bando la kupimwa, huduma ya demo ya Steam ninaipa alama nane kati ya kumi. Nimeipunguzia mbili kwa sababu kampuni nyingi kubwa bado hazitoi demo za gemu zao za bei ghali zaidi, ambazo ndizo tunazohitaji kuzionja. Kwenye orodha yangu ya gemu ninazozitamani zimo kumi na moja, na tatu kati yake hazina demo. Hizo zitasubiri punguzo la asilimia 75.