Uzoefu wangu: Gombo Kuu la Isaya mtandaoni, na maswali linayojibu kuhusu Biblia

Kwa anayefundisha kuaminika kwa Maandiko, tovuti ya Digital Dead Sea Scrolls, yenye picha za Magombo ya Bahari ya Chumvi (maandiko ya kale ya Kiyahudi), ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ni ya Makumbusho ya Israel, Yerusalemu, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa ushirikiano na Google, na haina malipo. Kati ya magombo yake matano, la Isaya ndilo lenye faida kubwa zaidi: sura zote 66 katika safu 54, kwenye vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wa mita 7.34. Lilipatikana mwaka 1947 katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Lilinakiliwa yapata mwaka 125 kabla ya Kristo, hivyo linaitangulia Kodeksi ya Leningrad, nakala kamili ya kale zaidi ya Biblia ya Kiebrania, ya mwaka 1008, kwa zaidi ya miaka 1,000. Anayedai Wakristo walitunga Isaya 53 baada ya Yesu aonyeshwe safu ya 44, ilipo sura hiyo.

Gombo husomwa kuanzia kulia. Ukianza kushoto utajikuta sura ya 66. Ukibofya maandishi, aya hutokea kwa Kiingereza. Kiswahili hakuna, na hilo ni pengo kubwa, kwa hiyo fungua Biblia yako pembeni. Picha ni nzito. Kwenye simu yenye mtandao dhaifu hubaki na ukungu, na usipongoja itulie huwezi kutofautisha herufi na doa la ngozi.

Nenda safu ya 33, Isaya 40:7-8. Maneno "majani yakauka, ua lanyauka" yamo katika aya zote mbili. Mnakili alipofika ya kwanza akarukia mwisho wa aya ya 8, na mkono mwingine ukaja kuyaongeza yaliyokosekana, juu ya mstari kisha kuteremka pambizoni upande wa kushoto. Penye jina la Mungu, huyo aliyeongeza aliweka nukta nne badala ya herufi. Wapo wataalamu wanaoona kwamba matini fupi ilikuwepo tangu awali, kwa kuwa Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, nayo haina maneno hayo yaliyoongezwa. Mimi nalipenda maelezo ya jicho kuruka, maana kosa la namna hiyo ni la kawaida sana kwa wanakili.

Msiwafiche wanafunzi tofauti. Isaya 6:3 humo ina "Mtakatifu" mara mbili, si tatu. Katika 53:11 gombo lina neno "nuru", ambalo halimo katika matini ya Kimasoreti (matini ya Kiebrania iliyopokelewa na Wayahudi), na Septuaginta inaliunga mkono gombo. Nyingi ya tofauti nyingine ni za tahajia tu. Atakayewaambia kwamba kila herufi inalingana anawatega: siku wakiiona safu ya 33 wenyewe, watatilia shaka na yale ya kweli aliyowafundisha.

Uvuvio wa 2 Timotheo 3:16, yaani kwamba Maandiko yametoka kwa Mungu, hauonekani kwa kukuza picha. Huo naushika kwa imani. Kinachoonekana hapa ni uaminifu wa kunakili, na kwangu hilo ni jambo kubwa mno.

Kwa kikundi, tumia kompyuta na projekta, ufungue safu ya 33 na ya 44 kabla watu hawajafika ili picha ziwe zimetulia. Gombo la Habakuki liacheni kwa kipindi kingine: ni ufafanuzi wa kitabu hicho, si nakala yake tu, na linaishia sura ya 2.