Starter Set ya Dungeons & Dragons ya 2014: kwa vijana, bado naichagua hii

Mzazi au mwalimu akiniuliza aanzie wapi na kundi la vijana wanaotaka kucheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, jibu langu halijabadilika: tafuta Starter Set, yaani sanduku la kuanzia, ya mchezo wa Dungeons & Dragons iliyotoka mwaka 2014, hata ikiwa imeshatumika. Mwaka 2022 lilitoka sanduku jipya la kuchukua nafasi yake, nami nimeyaongoza yote mawili nikiwa na mpwa wangu na wenzake wa miaka 13 hadi 16. Jipya ni zuri, lakini linawafikisha wahusika daraja la 3 tu la uwezo, wakianzia la 1, hadithi ikaishia pale vijana wanapoanza kunogewa. La zamani linafika daraja la 5. Zaidi ya hapo, kisa chake kinawapa vijana jambo la kubishania, na katika umri ule mabishano ndiyo mchezo wenyewe.

Ndani ya sanduku kuna kitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha kisa cha kurasa 64 kiitwacho Lost Mine of Phandelver, wahusika 5 waliokwisha kuandaliwa, na dadu 6, kuanzia ya pande 4 hadi ya pande 20. Hakuna ubao wala vinyago. Kwa asiyewahi kuuona mchezo huu: mmoja anakuwa msimulizi na kueleza wanachokiona, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na shaka dadu ya pande 20 inatupwa. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa toleo la kwanza mwaka 1974, na msingi haujabadilika.

Kinachonifanya nilipende sanduku hili ni zile karatasi za wahusika. Kijana wa miaka 14 ukimwambia mbele ya wenzake abuni mtu amtakaye, mara nyingi anaduwaa, au anatoa mbabe mwenye upanga mkubwa asiye na la kusema. Hapa kila mhusika anakuja na jambo linalomkera. Mpiga upinde asili yake ni Thundertree, kijiji kilichobaki magofu na sasa kina joka, anataka kulifukuza. Mchawi anatafuta madhabahu iliyonajisiwa ili aitakase. Mwizi alikuwa mtu wa genge la Redbrand, kisha wenzake wakamgeuka. Binti mmoja katika kundi letu, mpole ambaye ukimuuliza jambo anajibu kwa mabega, alimchukua yule mwizi. Walipofika mji wa Phandalin na kukuta Redbrand ndio wanaowatisha wenyeji, yeye peke yake alijua habari za ndani za genge. Wenzake walimzunguka kwa maswali, naye akachagua lipi la kusema na lipi la kuweka. Sikumpangia mimi, karatasi ndiyo iliyompa.

Na kuna lile pango la goblini, viumbe wadogo wakorofi wa hadithini, liitwalo Cragmaw. Naomba nilikalie hili kidogo, maana sijaona mwanzo mzuri zaidi kwa vijana. Wahusika wamekuja kumwokoa mateka, Sildar. Wanafika, wanamkuta goblini aitwaye Yeemik amemsimamisha ukingoni na kutishia kumsukuma chini. Yeemik anatoa masharti: niulieni bosi wangu Klarg, mniletee kichwa chake, huyu nitawapa. Mezani palichafuka. Mpwa wangu akataka wakubali mara moja. Mwenzake akasema mtu anayemuuza bosi wake hawezi kuwa mkweli kwa wageni. Wa tatu akahesabu mishale iliyobaki. "Shangazi, tunaruhusiwa kumdanganya?" Nikamwambia mnaruhusiwa kujaribu. Hakuna aliyegusa dadu kwa muda mrefu, na hakuna aliyechoka. Uzuri ni kwamba aliyeshuku yuko sahihi: kitabu kinamwelekeza msimulizi kwamba hata akiletewa kichwa, Yeemik bado atadai fedha. Kisa kinamlipa kijana aliyesikiliza kwa makini.

Joka la Thundertree, Venomfang, nalo limeandikwa kwa akili. Lina pointi 136 za uhai, na pumzi yake ya sumu inaweza kuwaangusha wote kwa pigo moja. Lakini likipoteza nusu ya pointi hizo linaruka na kwenda zake. Kwa hiyo mpiga upinde anaweza kutimiza lengo lake bila kuliua, na kundi linapata nafasi ya kupanga: nani awe wapi, nani asisimame karibu na nani.

Kasoro zipo. Shambulio la kwanza njiani, goblini wanne wakivizia wahusika wa daraja la 1, ni kali mno. Mchawi anaweza kuanguka kabla hajapata zamu. Soma maelezo ya mwisho ya sehemu hiyo kabla ya kuongoza: wakishindwa, goblini wanawapora na kuwaacha wamezimia, hawawaui. Ni kifungu kifupi lakini kinaokoa jioni nzima, maana kijana akipoteza mhusika siku ya kwanza huenda asirudi. Dadu seti moja kwa meza nzima haitoshi, nunueni nyingine. Kanuni za kuunda mhusika wako mwenyewe hazimo sandukuni. Zitafuteni kwenye kanuni za msingi ambazo wachapishaji, Wizards of the Coast, walizitoa bure kwenye intaneti. Sehemu ya mwisho, pango la Wave Echo, ni vyumba vingi vya mapigano mfululizo, na mimi huvipunguza bila huruma.

Vitabu ni vya Kiingereza. Hilo lisikutishe, kwa sababu anayelazimika kusoma ni msimulizi. Mimi nasoma mapema, nasimulia kwa Kiswahili, na majina nayaacha yalivyo. Maneno ya kwenye karatasi za wahusika nilimwelekeza kila mmoja ya kwake, wakayazoea.

Sanduku limeandikwa miaka 12 na kuendelea, na naona ni sawa. Wachezaji 4 na msimulizi ndio wanaokwenda vizuri, 5 wanawezekana, wakifika 6 karatasi hazitoshi na zamu zinachelewa hadi watoto wanatoa simu. Ukipata lililotumika, lifungue kabla hujalipa. Dadu zikikosekana si neno, utanunua nyingine. Karatasi 5 za wahusika zikikosekana, omba punguzo kubwa au liache.