Mashine ya kuosha vyombo inaacha vyombo vina maji? Tazama hapa kabla hujamwita fundi

Habari zenu jamani, karibuni jikoni kwangu Kigamboni. Mashine imemaliza kuosha sasa hivi, nafungua mbele yenu. Subirini mvuke upungue. Haya, mdogo wangu, sogeza kamera. Sahani za udongo, kavu. Glasi, kavu. Sasa tazameni kikombe hiki cha chai: kitako chake kina kishimo, na kishimo kimejaa maji. Na bakuli hili la plastiki, matone yamelienea lote kama limeachwa nje mvua ikinyesha.

Mama alipokuja kunitembelea alifungua mlango huu akaniuliza, "Mwanangu, mashine inaosha, halafu wewe unafuta?" Wakati huo hali ilikuwa mbaya zaidi, hata sahani zilitoka zimelowa. Swali lake ndilo lililonikalisha chini na kijitabu cha maelekezo mpaka nikakimaliza.

Wengi tunadhani humu ndani kuna feni inayopuliza hewa ya moto kama draya ya saluni. Kwenye mashine kama hii yangu, hakuna. Suuza ya mwisho inafanywa kwa maji ya moto, vyombo vinashika joto, na joto hilohilo la vyombo ndilo linalogeuza maji yaliyobaki kuwa mvuke. Kuta za chuma zinapoa mapema kuliko vyombo, kwa hiyo mvuke ukizigusa unarudi kuwa maji, unachuruzika chini, pampu inayatoa. Basi ukifungua ukakuta kuta zimelowa usishtuke. Maji yameenda panapotakiwa.

Hapo ndipo utakielewa kisa cha plastiki. Sahani ya udongo ni nzito, inakaa na joto lake muda mrefu. Bakuli la plastiki ni jepesi, limepoa kabla maji hayajaisha, na juu ya plastiki maji hayatandai, yanajikusanya matone. Kwa mashine za aina hii, plastiki itatoka na maji hata mashine ikiwa nzima kabisa.

Lakini sahani na glasi zikitoka zimelowa, kuna la kutengeneza. Sogea hapa mlangoni. Pembeni ya kisanduku cha sabuni kuna kifuniko kingine cha duara. Hapa ndipo inapokaa dawa ya kusuuzia. Changu kilikaa kitupu miezi mingi, kwa sababu nilikuwa nanunua vile vidonge vinavyosema vina kila kitu ndani, nikaona vinatosha. Kwa maji yetu havikutosha.

Naomba niwaonyeshe kwa macho. Glasi hii naimwagia maji matupu. Mnaona matone yalivyong'ang'ania? Hii ya pili maji yake nimeyatilia dawa kidogo. Angalieni: hakuna matone, maji yametandaa utando mwembamba, yanateleza yote kwenda chini. Kinachobaki ni kidogo mno, na joto linakimaliza. Wiki niliyojaza kisanduku hiki ndiyo wiki niliyoacha kufuta sahani, na sikubadilisha kitu kingine chochote. Siki siweki humu, maana asidi inaweza kuila mipira pole pole.

Chumvi ni habari nyingine. Maji ya kisima chetu yana chokaa, na chumvi ya mashine, ile ya chenga kubwa, inasaidia kuipunguza ili glasi zisipate ukungu mweupe. Haikaushi. Na msitie chumvi ya mezani.

Kuhusu programu: yangu ina Eko ya nyuzi 50 na nyingine ya nyuzi 70. Eko inabana umeme, naipenda kwa siku za kawaida, lakini vyombo vinapata joto kidogo. Nikiwa na masinia na sufuria za shughuli naweka 70. Kama yako ina kitufe cha kukausha zaidi, kibonyeze. Ikishamaliza kabisa, fungua mlango upana wa kiganja. Hewa ya Dar ina unyevu, hasa wakati wa masika, lakini ya ndani ya mashine ina unyevu zaidi, itoke tu. Vikombe vilazwe kiubavu maji yasituame kwenye kitako. Na toeni tenga la chini kwanza. Ukianza la juu, maji ya vikombe yanamwagikia sahani zilizokwisha kukauka.

Kwa mnaokwenda dukani sasa: Bosch wana mashine zenye zeolaiti, madini yanayofyonza unyevu na kutoa joto, na Miele wana zinazojifungua mlango zenyewe mwishoni. Kama nyumba yako ina vyombo vingi vya plastiki, hapo mimi ningeongeza pesa. Kama mnakulia sahani za udongo na glasi, ya kawaida yenye dawa ndani inatosha.

Na fundi? Washa programu ya moto, ikimaliza fungua kwa uangalifu, gusa sahani papo hapo. Ikiwa ya moto, maji yamepashwa, rudi kwenye dawa na upangaji. Ikiwa baridi kabisa, hita haipashi. Angalieni na umeme pia: ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, hita inabaki na takriban robo tatu tu ya nguvu zake. Umeme ukiwa sawa na sahani bado ni baridi, chomoa plagi, mwite fundi, na umwambie hivyohivyo, "Fundi, sahani zinatoka baridi." Ataanza kupima hita na sensa ya joto, hatakuuzia pampu.