Sevisi ya baiskeli Kisumu: gurudumu safi, pedali nusura iniue

Nianze na gurudumu, maana nikianza na pedali hasira itanishika kabla sijasema lolote la maana.

Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lilikuwa limepinda tangu kabla sijaugua. Likizunguka linakwaruza breki upande mmoja, shwaa, linaachia, shwaa tena. Mafundi watatu wa hapa Kisumu walilijaribu wakaliacha. Kijana wa duka hili alikaa nalo mlangoni, akawa anakaza spoku moja robo mzunguko, anazungusha rimu, anatega sikio, analegeza nyingine. Alipomaliza lilizunguka kimya kabisa. Kwa kazi ile peke yake nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tano, na kuwaambia wenzangu wote wa baiskeli wapeleke zao pale.

Sasa pedali.

Mimi ni mwalimu, na nimepanda baiskeli safari ndefu kwa miaka mingi. Kisumu hadi Busia ni zaidi ya kilomita 100. Nilikuwa naenda Jumamosi, nalala, narudi Jumapili. Kakamega nilikuwa naenda na kurudi siku hiyo hiyo na jioni nasahihisha madaftari. Halafu mwaka juzi hivi nikavunjika kifundo cha mguu wa kushoto, wala si kwa baiskeli, ni ngazi za shule zilizolowa mvua. Plasta wiki sita. Siku za mwisho mwisho shavu la mguu likaanza kuuma na kujaa, nikadhani plasta inabana. Siku chache baadaye sikuweza kumaliza ngazi zile zile. Pumzi zinakatika, kifua kinachoma kila nikivuta hewa. Nikadhani ni nimonia. Kumbe damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu uliokaa bila kutikisika, kipande kikamegeka, kikapita kwenye moyo hadi kwenye mapafu. Daktari aliniambia wazi kwamba wengine huwa hawafiki hospitali.

Tangu hapo natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Waliwahi kunisimamisha, mguu ukavimba tena, wakanirudishia, na hawajasema lini nitaacha. Anayeijua dawa hii anajua kazi yake. Damu inapimwa kila baada ya muda, na kipimo kinachoitwa INR, kwangu mimi, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka damu inaweza kuganda, kikipanda unaweza kuvuja. Mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo mimi niliyekulia kwenye sukuma, kunde na osuga nazipima kwa bakuli moja lile lile, wiki baada ya wiki, nisije nikazidisha leo na kupunguza kesho. Nayasema haya ili muone mtu aliyeingia dukani mwao alikuwa mtu wa namna gani. Sikuwa nacheza.

Chris Froome, bingwa wa mbio za baiskeli aliyezaliwa Nairobi na kuendesha baiskeli na David Kinjah kabla dunia haijamjua, alivunjika paja vibaya sana mwaka 2019 na mwaka uliofuata akawa amerudi kwenye mashindano. Habari ile niliisoma mara nyingi nikiwa kitandani. Lakini yeye alikuwa na timu nzima ya mafundi. Mimi nilikuwa na duka moja nililoliamini kwa sababu ya gurudumu.

Nilipoipeleka baiskeli niliwaeleza kila kitu. Nikamwambia mwenye duka, aliyekuwa akihesabu pesa nyuma ya kaunta: natumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwingine akianguka anachubuka, mimi naweza kuvuja kwa ndani na damu isikome upesi. Nikigonga kichwa ni hospitali moja kwa moja, hata nikiwa sihisi kitu. Daktari amenikubalia kuendesha, ila mimi sitakiwi kuanguka. Kwa hiyo naomba breki, tairi, pedali, kila nati ikaguliwe.

Hakuinua macho. “Mama, si ungenunua tu ile ya kuendesha nyumbani ikiwa imesimama?”

Wateja wawili wakacheka. Nikameza. Nikamwambia kwamba Mungu akipenda hii hii itanifikisha Busia.

“Haya mama. Elfu tatu mia tano. Njoo kesho kutwa.”

Nililipa, nikapewa risiti, nikarudi kesho kutwa nikaikuta inang'aa, na gurudumu kama nilivyoeleza. Nilifurahi mpaka nikamnunulia yule kijana soda.

Niliondoka alfajiri, Jumamosi moja mvua zilipokuwa zimepungua. Otonglo matatu bado zilikuwa na taa. Ziwa kushoto kwangu, jua likichomoza mgongoni, barabara tupu. Nililia, na sioni haya kulisema. Kuna usiku mwingi niliolala nimeegemea mito mitatu, nahesabu pumzi, nikiamini sitakaa tena juu ya kiti cha baiskeli.

Kabla ya Kisian nikaanza kuhisi mguu wa kushoto unacheza. Kila unaposhuka, unyayo unainama kidogo upande wa nje. Na kuna kisauti. Tik. Tik.

Hapa mliowahi kuugua mtanielewa. Sikuikagua baiskeli, nilijikagua mimi. Nilisimama kando ya barabara, nikashusha soksi ya kubana, nikabonyeza shavu la mguu nikitafuta maumivu, nikalilinganisha na la kulia kwa vidole. Nikahesabu pumzi dakika nzima. Nikajiambia: huu ndio mguu wa plasta, huu ndio mguu wa donge la damu, msuli umeisha, ndiyo maana unayumba. Nikapanda tena. Kwa kilomita kadhaa niliendesha nikiulaumu mguu wangu, nikiuomba uvumilie, na muda wote huo mguu ulikuwa mzima.

Baada ya Kisian barabara inapanda kuelekea Maseno, kule ikweta inakopita. Nilisimama juu ya pedali nipate nguvu, na ya kushoto ikachomoka. Haikuvunjika, ilitoka nzima na mhimili wake. Mguu ukashuka hewani, paja likagonga fremu, goti likapiga ukingo wa lami, na lori la mchanga lililokuwa nyuma likapiga honi na kukwepa. Upepo wake niliuhisi shingoni. Kofia yangu haikugusa chini. Hilo ndilo nililoliangalia kwanza, kwa mikono miwili, kichwa chote.

Vijana wawili wa boda walisimama. Mmoja akaiokota pedali kwenye majani, wakanipeleka mbele kidogo kwa mzee anayetengeneza baiskeli chini ya mwembe. Ana baiskeli moja ya Black Mamba kichwa chini miguu juu, beseni la maji ya kutafutia pancha, na sanduku la spana zilizochakaa. Akaniangalia kabla hajaiangalia baiskeli.

“Pole, nyathina, mwanangu. Umegonga kichwa?”

Hilo ndilo swali ambalo duka lile halijaniuliza mpaka leo.

Nikamwambia, “Hapana, Jaduong',” ndivyo tunavyomwita mzee. Akaichukua pedali, akaifuta grisi kwa kidole gumba, akaielekeza kwenye mwanga na kunionyesha ncha ya mhimili. Kuna herufi ndogo imechongwa pale. R. Pedali ya kulia, na ilikuwa imefungwa kushoto. Akanieleza taratibu, kama mimi ninavyomweleza mtoto wa darasa la nne: ya kulia hukazwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa, ya kushoto hukazwa kinyume, ili mguu ukiendesha pedali isijifungue. Ukizibadilisha haziingii. Ila mtu mwenye nguvu na spana namba 15 anaweza kulazimisha, kwa sababu mhimili ni chuma na krenki, ule mkono unaofungiwa pedali, ni alumini. Chuma kinajichimbia njia. Nikaingiza kidole kwenye tundu la krenki yangu. Thredi zote, zile mistari ya kushikia mhimili, zilikuwa zimeliwa, laini, na kidole kikatoka na unga wa kijivu.

Kisha akaishika ile ya upande wa pili kwa vidole viwili tu, bila spana, ikazunguka.

“Hii nayo ilikuwa imebakisha kidogo. Ungekuwa unateremka…” Hakumalizia.

Alikataa pesa. Alisema hajafanya kazi yoyote. Nilirudi na matatu, baiskeli imefungwa juu. Hospitali INR ilikuwa 2.7, ndani ya mipaka, lakini paja lilikuwa limevilia damu upana wa sahani, rangi ya zambarau, na siku zilizofuata ile rangi ikateremka hadi chini ya goti, ikawa kijani, ikawa njano. Wiki mbili nilifundisha nimekaa.

Haya yote ningeyasamehe. Nasema kweli. Fundi anakosea, hata mimi nimewahi kumpa mtoto alama zisizo zake. Nilipoweza kutembea vizuri nilikwenda dukani, na sikwenda kugombana. Niliiweka pedali juu ya kaunta, herufi ikitazama juu, nikamwambia mwenye duka, “Soma hapa.”

Hakusoma. Aliisukuma kwa kalamu.

“Mama, si nilikuambia? Wewe ni mgonjwa. Umepanda mlima na mguu mbovu, umekanyaga vibaya. Baiskeli haina shida. Shida ni mwili wako.”

Nimefundisha miaka zaidi ya ishirini na ninajua kujibu. Siku ile sikujibu. Kwa sababu yale maneno ndiyo niliyojiambia mwenyewe kutoka Otonglo mpaka mlimani, nikijibonyeza mguu kando ya barabara. Niliyaamini. Yeye alikuwa na pedali mbele yake, yenye herufi, na bado akachagua kuuhukumu mwili wangu ambao hajawahi kuukagua, ambao madaktari wameupima na kuukubalia.

Na hapa ni Kisumu! Mji ambao kabla ya pikipiki kila mtu alibebwa kwa ngware, baiskeli ya abiria. Neno lenyewe boda boda lilizaliwa kwa baiskeli za mpakani kule Busia. Mzee wa chini ya mwembe aliijua herufi ile kwa kuigusa. Duka lenye kaunta ya kioo lina kisingizio gani?

Yule kijana wa gurudumu alitoka ndani akijifuta mikono. Aliichukua pedali, akaisoma, akasema mbele ya bosi wake, “Hii imefungwa kinyume. Gurudumu nilifanya mimi, pedali alifunga mwingine nikiwa nimetoka kula. Lakini ningeiangalia kabla hujaichukua. Samahani, mwalimu.” Akaambiwa arudi kwenye kazi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilikuwa na moja mkononi. Nikikumbuka gurudumu nasema mbili, na nikimkumbuka kijana nasema tatu, kwa sababu mtu anayekiri kosa la mwenzake huku akijua kazi yake iko hatarini anastahili kuheshimiwa. Mtu mwenye rimu iliyopinda ningemwambia aende pale, amwombe yeye, akae amtazame mpaka amalize, na kabla hajaondoka ageuze pedali asome herufi. Hapana. Nafuta hilo. Kwa nini mteja aliyelipa awe ndiye mkaguzi? Msiende. Mkienda, pesa inaingia kwenye droo ya yule mtu, na kesho atamwambia mama mwingine, au baba aliyetoka kwenye kiharusi, kwamba shida ni mwili wake, na huyo pengine hatapanda tena baiskeli maishani. Nyota moja, na hiyo ni ya spoku.

Krenki zote mbili ziliharibika. Nilipata seti ya baiskeli ya mtumba kwa 4,500, na kijana huyo huyo akanifungia nyumbani kwao Jumapili, kwa muda wake. Alianza na kushoto, akanionyesha L, akaanza kuzungusha kwa vidole bila spana mpaka ikaingia karibu yote, akasema ukiona inataka nguvu tangu mwanzo, simama. Nilimlazimisha achukue mia tano. Spana namba 15 nimejinunulia, inakaa mfukoni mwa begi pamoja na kadi yangu ya dawa.

Nimepita tena mlima ule. Jaduong' alinisimamisha chini ya mwembe wake, akazijaribu pedali zote mbili kwa mkono, akanitikisia kichwa. Nilifika Yala, nikanywa chai, nikageuza. Busia nasubiri wiki ya likizo. Ile elfu tatu mia tano bado naidai, na risiti ninayo.