Mlezi mmoja au jopo la walezi kwa mtafiti chipukizi wa afya ya wanawake?

Mlezi mmoja anakujua vizuri: anasoma rasimu yako mstari kwa mstari, na uamuzi hauchelewi. Lakini afya ya wanawake haikai ndani ya fani moja. Chukua dodoso la Edinburgh la sonona baada ya kujifungua, lenye maswali 10. Mtakwimu atakufundisha kujumlisha alama. Mama akikiri kwenye swali la mwisho kwamba amewaza kujidhuru, unahitaji mwanasaikolojia na mkunga, tena siku hiyohiyo.

Jopo lina vikao vingi na ushauri unaogongana, kweli. Hata hivyo nalichagua. Mpango wa BIRCWH wa Marekani, wa kukuza watafiti wa afya ya wanawake, ulioanza mwaka 2000, hulea hivyo, na kwa kawaida hutenga asilimia 75 ya muda wa mtafiti kwa utafiti na mafunzo.