Fungu la vigari vya chuma vya mtumba: uzoefu wangu

Fungu lina vigari 12 vya kuchezea, shilingi 18,000, kwenye meza ya mitumba soko la Karume, Dar es Salaam. Hapo ni 1,500 kila kimoja, na muuzaji hakuruhusu kuchagua. Unabeba lote au unaliacha. Ndani yake, kwa chapa: Hot Wheels 5, Matchbox 3, Majorette 2, Tomica 1 na kimoja kisicho na jina. Kwangu limelipa, ila limelipwa na vigari vitatu tu, na thamani ya hivyo vitatu haionekani mpaka uvigeuze chali.

Jina, nchi na mwaka viko tumboni. Matchbox moja imeandikwa Lesney na Made in England. Lesney ilianzishwa London mwaka 1947, ikaanza kutoa Matchbox 1953, ikafilisika 1982. Hii ya kwangu ina magurudumu mapana yenye ekseli nyembamba, yale ya Superfast yaliyotoka 1969 kuwajibu Hot Wheels ambao kampuni ya Mattel iliwaingiza sokoni 1968. Kwa hiyo umri wake unaupata bila kumuuliza mtu: kati ya 1969 na 1982. Nyingine mbili zimeandikwa China, za zama za baadaye. Ni nzuri kwa kuchezea, basi.

Mtego uko kwenye Hot Wheels. Kimoja kina 1983 tumboni na muuzaji akakipigia debe kuwa cha kale. Mwaka ule ni wa haki ya ubunifu wa umbo, si wa kutoka kiwandani. Umbo moja linaweza kurudiwa kwa miongo. Tafuta msimbo mdogo uliogongwa au kuchapwa chini, herufi moja na tarakimu mbili. Herufi ni mwaka, tarakimu ni wiki. Ukiukuta, kigari ni cha miaka ya karibuni hata tumbo liseme nini.

Tomica ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, maana ni Hiace, kipanya chenyewe. Chapa hii ilianza Japani mwaka 1970 na hadi leo magari ya Kijapani ndiyo mkate wake. Angalia kipimo chini, huandikwa S=1/ kisha namba. Namba hubadilika kutoka gari hadi gari, kwa hiyo usishangae Hiace kuonekana saizi moja na saluni ukizipanga pamoja. Springi zake bado zinanesa. Majorette nazo zina springi, ila moja imelala upande mmoja kwa sababu ekseli imepinda. Viringisha juu ya kioo kabla ya kulipa; kigari kinachokwenda upande kina ekseli mbovu, na kuinyoosha bila kuvunja gurudumu ni kazi.

Sasa unyevu. Tunasema vya chuma, lakini pitisha sumaku: inashika ekseli tu. Bodi ni zamaki, yaani zinki yenye aluminiamu karibu asilimia 4 na magnesi na shaba kidogo. Kwa hiyo hewa ya pwani inashambulia sehemu mbili tofauti. Ekseli inashika kutu nyekundu. Bodi, pale rangi ilipobanduka, inatoa unga mweupe. Unga huo ni wa juujuu, unasuguliwa ukaisha. Kitu cha kuogopa ni nyufa nyembamba kama utando pamoja na bodi kuvimba: hapo zinki ilichanganyika na madini ya risasi tangu kiwandani, na ugonjwa huo hauna dawa. Umevipata sana vigari vya chapa ya Dinky vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukiuona, rudisha mezani.

Kusafisha: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo matone mawili, mswaki laini, dakika 5, kisha feni mpaka ndani pakauke kabisa. Siki inafanya zamaki kuwa nyeusi. Kostiki soda inatoa rangi kweli, lakini inakula na zinki. Thina inayeyusha vioo vya plastiki. Ekseli ipe tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Ukizidisha, vumbi linaganda na gurudumu linakuwa zito kuliko mwanzo.

Kufungua, yaani kutenganisha bodi na tumbo, ndiko watu wanakoharibu. Kichwa cha ribiti kitoe kwa biti ya mm 3, ukisimama mara kinapoachia. Toboa nguzo ya bodi iliyobaki chini ya ribiti kwa biti ya mm 1.6, kina mm 5, kata nyuzi za M2 (skrubu ya kipenyo mm 2) ukirudisha nusu mzunguko kila unapokwenda mmoja, maana zamaki inajaza meno. Skrubu ya M2 urefu mm 4 inatosha. Wanaotoboa kwa mm 2 moja kwa moja hushangaa skrubu haikamati. Lesney usiitoboe. Na usiiguse kwa rangi ya kucha. Mkusanyaji anapendelea bodi iliyochubuka yenye rangi yake.

Kuhifadhi: kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Vipakiti vilivyochoka havifanyi chochote, badilisha. Vyenye tairi za mpira laini weka peke yake, kwani mpira wa zamani unaweza kulainisha plastiki unayoigusa. Dirishani usipange, jua linafifisha rangi.

Kile kisicho na jina rangi yake inabanduka kwa ukucha na haijulikani ina nini. Kwa mtoto anayetia vitu mdomoni nisingekitoa, hata bure.